Duka la vitabu lenye chai nzuri, ila ukuta wake umeficha watu

Duka hili liko karibu na soko la Jubilee hapa Kisumu. Mbele ni vitabu vya mitumba, nyuma meza nne za chai. Chai imekolea tangawizi na maziwa hawayabani. Mandazi hutoka jikoni saa nne asubuhi, bado ya moto. Riwaya nzuri unaipata kwa shilingi 250, na ukitaka kuionja kurasa ishirini kwanza, hakuna anayekuharakisha.

Kinachoniuma ni ule ukuta wa nyuma. Wametundika picha za waandishi wanawake, kila moja na maelezo chini yake. Ya Willa Cather, mwandishi wa riwaya wa Marekani, inasema hakuolewa, aliishi kwa upweke akitumikia kalamu. Upweke gani? Alikaa nyumba moja na Edith Lewis tangu 1908 mpaka kifo kilipomchukua 1947. Edith naye alipofariki 1972, alizikwa Jaffrey, New Hampshire, kando ya Willa. Sisi watu wa ziwani hatuhitaji kufundishwa uzito wa mahali mtu anapolazwa. Tunachanga, tunakodi basi, tunasafiri na mwili usiku kucha kutoka Nairobi ili ufike bomani kwake. Aliyelazwa ubavuni mwako ni mtu wako, na jina lake lilistahili kuwa pale ukutani.

Kwa Lorraine Hansberry, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, ndipo nilipoweka kikombe chini. Mumewe, Robert Nemiroff, ametajwa, na mwaka wa ndoa, 1953, umetajwa. Kwamba walikuja kutengana, na kwamba 1957 Lorraine aliliandikia barua The Ladder, jarida la wanawake wanaopenda wanawake, akatia sahihi kwa herufi za kwanza za majina yake tu, hakuna hata neno moja.

Nilimwita kijana wa kaunta. Akasema kwa upole, "Lakini Mwalimu, hayo si mambo ya chumbani?" Nikamwekea kidole kwenye ile 1953, nikamuuliza ndoa nayo ni mambo ya wapi. Aliisoma mara mbili, kisha akaniletea kalamu na karatasi.

Nimerudi Jumamosi hii. Chini ya picha ya Willa kuna kikaratasi kipya, mwandiko wa mkono: "Aliishi na Edith Lewis karibu miaka 40." Ya Lorraine bado haijaguswa. Kijana ameniahidi wiki ijayo, na nitapita kuangalia.