Kupiga picha ya sarafu na taswira yake: kioo au programu ya GIMP?

Sarafu za shaba za heller 20 (pesa ya enzi ya Wajerumani) zilizotengenezwa hapa Tabora mwaka 1916 hupendeza pichani zikisimamishwa juu ya kioo cheusi, taswira yake ikionekana chini. Kioo cha kujitazamia hakifai, hutoa taswira mbili. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, ukipake rangi nyeusi upande wa chini. Kero ni vumbi letu: kila chembe inaonekana.

GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, ni ya bure, nayo hutengeneza taswira bila kioo. Nakili leya (tabaka la picha) ya sarafu, ipindue juu chini, igusishe ukingoni, kisha ififishe taratibu kuelekea chini. Inakubali endapo kamera ilikuwa usawa wa sarafu. Ukipiga kwa juu, unene wa ukingo unakuumbua. Kwa picha za kuuzia, GIMP inatosha. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ukibahatika kuishika? Kioo tu.