Westminster Abbey: nenda, ila ukifika katikati ya kanisa angalia chini

Nimeenda Westminster Abbey mwezi uliopita nilipokuwa London kwa dada yangu, na mpaka leo bado naiwaza, basi ngoja niandike hapa labda itamsaidia mtu anayepanga safari.

Mie ni mtu wa Bagamoyo. Pale misheni kwetu kuna ule mnara wa kanisa la zamani ambapo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti aliyezikwa Abbey, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, mwalimu alitupeleka tukiwa darasa la tano, kwa hiyo nilijua kabisa nafuata nini kule. Nilikosea kitu kimoja tu, nilikata tiketi kupitia kampuni moja ya kutembeza watalii na mtu wao alikuwa anatukimbiza balaa, kiti cha kutawazia wafalme dakika mbili, makaburi ya malkia dakika mbili, twendeni twendeni. Pale kwenye kaburi la Livingstone hata hakusimama. Kundi zima likapita juu yake.

Ikabidi niwaache waende, nikarudi peke yangu.

Ni jiwe jeusi tu sakafuni, herufi zake za shaba, na mstari wa kwanza unasema ameletwa na mikono ya waaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Nikasoma mpaka chini, jina la Susi halipo, la Chuma halipo, wale watumishi wake wa Kiafrika. Hii iliniuma sana kwakweli. Hao ndio na wenzao walizika moyo wake chini ya mti kule kwa Chitambo, Zambia ya leo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua wakaufunga kwenye magome ya mti wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani, na walipofika Unyanyembe pale Tabora Mwingereza mmoja, Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, akawashauri wamzike palepale, wakagoma! Kati ya wale wapagazi ni Jacob Wainwright peke yake aliyewahi mazishi ya Abbey tarehe 18 Aprili 1874, naye alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mzee wao keshazikwa. Nilikaa pale kama nusu saa na sijutii.

Mengine nayo yana uzito wake. Kile kiti cha kutawazia kilitengenezwa kwa amri ya Edward I mwaka 1300 hivi, na ukikisogelea utaona mbao imejaa majina yaliyochongwa kwa kisu, wanafunzi na wageni wa zamani, mmoja kaandika kabisa kwamba alilala humo Julai 1800. Kaburi la askari asiyejulikana la 1920 limezungushiwa maua mekundu na hakuna anayelikanyaga, hata mfalme hulizunguka. Malkia Elizabeth wa Kwanza na dada yake Mary, mtoto wa baba mmoja na walikuwa hawapatani, wamelazwa kaburi moja, ila sanamu iliyolala juu ni ya Elizabeth tu. Halafu dari ya kanisa dogo la Henry wa Saba, yaani mawe yamechongwa mpaka yanafanana na lesi, shingo ilinikakamaa kwa kuangalia juu.

Ushauri wangu, kata tiketi kwao wenyewe sio kwa watu wa kati, kile kifaa cha kusikiliza maelezo unapewa humohumo kwenye bei na unaenda kwa mwendo wako. Nenda asubuhi mapema kabla hakujajaa. Kama hela imebana nenda ibada ya jioni, ile haina kiingilio, unakaa unasikiliza kwaya, japo hutaruhusiwa kuzurura kwenye makaburi. Na Jumapili usijisumbue kwenda kutalii, siku hiyo ni ibada tu.