Suruali ya kila siku Mwanza: ipi uifuate kwanza, ipi uipite

Muuzaji wa suruali anakuuzia ukiwa umesimama. Kioo, kama kipo, nacho kinakuonyesha umesimama. Akisema "bosi, hiyo imekukaa", ametazama kiuno na urefu wa mguu, basi. Wakati siku yako nzima unaipitisha kwa mikao mingine: magoti yamebanwa na kiti cha mbele kwenye daladala ya Igoma, miguu imepanuliwa juu ya bodaboda, unapanda ngazi za mawe za Bugarika, jioni unachuchumaa mbele ya beseni. Suruali nyingi hazifi kwa kuchakaa. Zinapasuka msamba zikiwa bado na rangi nzuri.

Kwa hiyo nimezipanga kwa kuuliza kwanza: ukikaa nayo inakuwaje? Baada ya hapo ndipo natazama kitambaa, ufuaji na mifuko. Bei siziandiki. Ya soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi belo likifunguliwa si ile ya jioni wakati watu wanakunja turubai, na fundi wa barazani ana bei ya Februari na bei ya Desemba. Wewe ukilinganisha, jumlisha yote: suruali, nauli, na hela ya kurekebisha.

1. Kadeti ya mtumba iliyopita kwa fundi

Najua wengi mlitarajia fundi awe wa kwanza. Atafuata. Kadeti ya mtumba inamshinda kwa jambo moja kubwa, kwamba unaikalia kabla ya kutoa hela. Halafu imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka: kama ilikuwa ya kurudi na kufupika, imesharudi, na kama ilikuwa ya kuchuja rangi, imeshachuja. Unachokiona ndicho utakachokuwa nacho.

Kadeti nzuri ni ya pamba, iliyofumwa kwa mistari ya mshazari unayoiona ukiisogeza karibu na jicho. Lebo ya ndani ikisema pamba asilimia 97 au 98 na kilichobaki ni elastini, chukua. Huo mvutiko mdogo unasaidia ukichuchumaa. Mvutiko ukizidi sana, magoti yatatuna baada ya muda na hayatarudi hata kwa pasi. Namba ya saizi isome kwa tahadhari. Mtumba unatoka nchi nyingi na viwanda vingi, na 34 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa 36 ya kingine. Tembea na futi yako ya kushonea mfukoni, ni kitu cha bei ndogo.

Sasa igeuze ndani nje. Hapa usione aibu wala usiharakishwe na muuzaji. Angalia pale mishono minne inapokutana, msamba. Vuta kitambaa pande mbili kwa vidole gumba. Nyuzi zikichungulia au matundu ya sindano yakifunguka, irudishe kwenye rundo. Inyanyue kwenye mwanga: sehemu ya ndani ya mapaja ikipitisha mwanga kuliko mguu wa chini, mwenzako wa kwanza aliimaliza kwa kutembea. Kisha fuata mshono wa nyuma kutoka msamba kwenda kiunoni. Ukikuta kitambaa cha akiba kimekunjwa upande wa ndani, inchi moja au zaidi kila upande, hiyo ni suruali ya kuheshimika: ukinenepa, fundi ataiachia kiuno. Ukikuta akiba ya nusu sentimita na ovaloku juu yake, kinachowezekana ni kupunguza tu.

Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa, halafu ifunge nusu na uvute suruali pande zote. Kama inateleza yenyewe, weka hela ya zipu mpya kwenye hesabu.

Ile mbinu ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni haina ubaya, inakukadiria kiuno. Haikuambii chochote kuhusu nyonga wala msamba, na huko ndiko suruali zinakoharibika. Nenda umevaa pensi nyepesi ndani, au taiti chini ya gauni kwa akina dada, uivae hapohapo juu yake. Omba kigoda. Kaa, kisha chuchumaa hadi chini kabisa. Kiuno cha nyuma kikishuka mpaka mkanda wa chupi unaonekana, msamba ni mfupi kwako. Ukisimama ukaona mistari imetawanyika kutoka kwenye zipu kama masharubu ya paka, nyonga zimebanwa. Vyote viwili hakuna fundi atakayekuondolea, hata akikuahidi.

Hii ndiyo kanuni ya kununua: chagua inayotosha nyonga na mapaja, kiuno mwachie fundi. Kupunguza kiuno, kukata urefu, kubana mguu ni kazi ya muda mfupi. Kuongeza kina cha msamba ni kushona suruali nyingine. Hata kiuno kina mpaka wake. Ukipunguza zaidi ya inchi mbili hivi, mifuko ya nyuma inasogeleana na suruali inapoteza umbo. Ukikata urefu, mwambie fundi abakize upindo mrefu kwa ndani, hasa kama ni ya kijana anayekua.

Ifue kabla ya kuivaa. Hilo halina mjadala.

(Kuna jambo linanichekesha na kunikera kwa pamoja. Magu, Kwimba na Simiyu tunalima pamba, tunaichambua, na sehemu kubwa ya nyuzi zake inaondoka nchini bila kufumwa. Kisha tunagombania belo.)

2. Ya kushonesha

Kwa baadhi ya watu hii ndiyo namba moja na wala wasisumbuke na mitumba: dada mwenye nyonga pana na kiuno chembamba, mzee mwenye kitambi, mtu mrefu sana. Viwanda havikumfikiria yeyote kati yao.

Anza na kitambaa. Katikati ya mji ukiuliza gabadini utaonyeshwa rola za kila rangi, na nyingi ni polista tupu. Si dhambi, ila ujue unacholipia. Dondosha tone la maji: pamba inalinywa, polista mara nyingi inaliacha limekaa juu au linateleza. Ukiruhusiwa kuchomoa uzi mmoja, uunguze kwa kiberiti. Wa pamba unaacha majivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua. Wa polista unajikunja, unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Tetroni, ambayo mara nyingi ni polista iliyochanganywa na nyuzi nyingine, ina nafasi yake ofisini kwa sababu haikunjamani ovyo na pasi inaikubali haraka. Kwa kutembea juani na kukaa sokoni kutwa, nenda kwenye kaki ya pamba. Polista pia inashika harufu ya jasho kuliko pamba, na wanaoshinda Mwaloni Kirumba kwenye dagaa hawahitaji kuongezewa harufu nyingine.

Kitambaa chenye upana wa sentimita 150, mita moja na nusu inamtosha mtu wa kawaida. Chenye upana mdogo kinahitaji karibu mara mbili ya hapo. Kama ni pamba, kiloweke usiku kucha, kianike, kipige pasi, ndipo ukipeleke. Pamba hurudi zaidi kwa urefu, na suruali iliyopanda juu ya kifundo baada ya kufuliwa mara ya kwanza haina dawa.

Kwa fundi, usisimame tu na kunyoosha mikono. Mwombe akupime umekaa. Kaa kwenye benchi gumu, mgongo wima, apime ubavuni kutoka kiunoni hadi benchi inapoanza. Kipimo hicho ndicho kina cha msamba wako, na mafundi wengi wakiwa na haraka wanakikadiria kwa macho. Nyonga zipimwe pale zilipo pana kuliko kote, kisha aongeze sentimita nne hadi sita za kupumulia kama kitambaa hakivutiki. Kama unayo suruali ya zamani unayoipenda, ipeleke aige, lakini mwambie wazi kwamba haifumuliwi.

Kuna mambo mengine ya kumtajia, maana asipoambiwa atafanya njia fupi. Akate kitambaa kwa kufuata uzi wake wa urefu. Kikikatwa upogo ili kubana matumizi, mguu mmoja utaanza kujipinda na mshono wa pembeni utatokea mbele ya goti. Msamba apige mishono miwili, mmoja juu ya mwingine. Mifuko iwe ya kitambaa kigumu cha pamba, na iwe na kina cha kumeza simu yote pamoja na kiganja. Akina dada hili mlisisitize, kwa sababu mazoea ni kuwawekea mfuko wa kuingia vidole viwili, au mdomo wa mfuko ulioshonwa bila mfuko wowote ndani.

Na kama kazi yako ni ya kupanda na kushuka, kuingia kwenye mitumbwi, kubeba mizigo, kutengeneza magari, mwombe aweke kipande cha pembe nne pale kwenye msamba. Ukitazama kwa chini kinaonekana kimekaa upande, kona moja mbele, moja nyuma, na moja kwenye kila paja. Kazi yake ni kuzuia mishono minne isikutane sehemu moja, ili nguvu ya kuchuchumaa igawanyike. Suruali za wapanda milima na za karate hushonwa hivyo. Fundi anaweza kukutazama kwa mshangao. Mchoree kwa chaki mezani kwake, akishaelewa ni dakika chache tu.

Kabla ya kumaliza, apige bandi kwanza, yaani mishono ya muda, uje uijaribu. Hapo ndipo unapokaa na kuchuchumaa, mshono ukiwa bado unafumulika. Na tarehe ukipewa, wewe mtajie shughuli yako kuwa iko siku kadhaa kabla ya siku yenyewe. Desemba na wiki za kufungua shule mafundi wanazidiwa, usiwapelekee kazi ya kuhitaji utulivu.

3. Kombati

Mifuko ya pembeni, magoti yenye kitambaa mara mbili, msamba mpana. Inasameheka kwa kila kitu isipokuwa sura yake ofisini. Zimegawanyika mbili na zisichanganywe. Za nailoni nyembamba zinakauka upesi, zinakunjika hadi juu ya goti, zinamfaa anayeshuka majini kusukuma mtumbwi. Kwa dereva wa bodaboda hizo hapana. Bomba la moshi likigusa mguu, nailoni na polista zinayeyuka na kunata kwenye ngozi. Achukue ya pamba nzito, au aende namba nne.

4. Jinzi

Wengine wangeiweka juu, hasa vijana. Ni imara, hilo halibishaniwi. Zile shaba ndogo kwenye kona za mifuko zilipewa hataza Marekani mwaka 1873 kwa ajili ya suruali za watu wa kazi nzito. Nimeishusha kwa sababu ya maji. Jinzi nzito kuifua kwa mkono ni kazi ya mabega, na wakati wa masika unaweza kuianika juu ya jiwe asubuhi, ukaiingiza ndani jioni ukanda wa kiuno na mifuko bado vimeloa. Ukiivaa hivyo inakuchubua. Halafu ofisi nyingi za umma haziitaki.

Ukinunua, chukua ya mtumba ya pamba tupu, yenye mshono wa ndani ya mguu uliokunjwa na kupigwa nyuzi mbili. Mpya ya bei rahisi isugue kwa leso nyeupe iliyolowa. Leso ikigeuka bluu, jua kuwa kiti cha daladala na shati lako vitafuata.

5. Mpya za kiwandani za "ofisi"

Zimening'inizwa zimepigwa pasi, zinavutia. Ndani akiba ya mshono hakuna, kitambaa cha mifuko ni chepesi kiasi cha kutobolewa na funguo, msamba mfupi. Nunua kama usaili ni kesho, kisha ipeleke kwa fundi apige upya mshono wa msamba na abadilishe mifuko.

6. Modo ya kuvutika

Hii ya kubana mguu inavaliwa kwa nguvu, inavuliwa kwa msaada. Joto la saa nane mchana kandokando ya ziwa, mguu hauna pa kupumulia, na simu ukiiweka mfukoni huwezi kukaa. Inapendeza kwenye picha, hilo naliachia watu wa picha.

Trakisuti sikuiweka kwenye orodha kwa sababu si suruali ya kazini. Ila kwa basi la Dar, zaidi ya kilomita 1,100 umekaa, hakuna inayoifikia. Chagua yenye zipu kwenye mifuko na yenye kamba kiunoni pamoja na lastiki, maana lastiki ndiyo huanza kulegea, na kamba ndiyo itakayokushikia suruali ukishuka kuchimba dawa.