Shule ya ada au shule ya mkataba?

Huko Chicago, waasisi walewale, mume na mke Haki na Safisha Madhubuti, wamejaribu njia zote mbili za kulea watoto Weusi katika misingi ya Kiafrika. Shule ya New Concept, ya miaka ya 1970, iliendeshwa kwa ada za wazazi. Shule ya Betty Shabazz ilifunguliwa 1998 kwa fedha za umma, chini ya mkataba na mamlaka ya elimu (charter), bila ada.

Utamaduni wa shule hizi mbili ni mmoja: walimu huitwa Mama na Baba, asubuhi watoto husimama duarani, na Nguzo Saba za Maulana Karenga, yaani misingi saba ya sikukuu ya Kwanzaa ya Wamarekani Weusi, ndizo dira.

Uongozi ndipo zinapoachana. Mkuu wa shule ya ada hujibu kwa wazazi, na mtaala anaupanga mwenyewe. Lakini familia zikikosa hela, mishahara inayumba. Wa shule ya mkataba ana bajeti ya uhakika zaidi, ila mitihani ya jimbo inamkaba, na alama zikishuka mkataba unaweza usiongezwe.

Mimi naunga mkono ya mkataba, kwa sababu mtoto wa maskini anaingia. Ila mkuu akianza kufuta duara la asubuhi ili kupisha mazoezi ya mitihani, wazazi wamkatalie mapema.