Uzoefu wangu wa fildi kwenye TV ya mkoani: kazi utaishika, hela usitegemee

Kila ukikaribia mwezi wa saba wadogo zangu wa chuo wananijazia meseji, dada fildi (yale mafunzo kwa vitendo) ya TV niende Dar au nibaki hapahapa Mwanza, sasa nimechoka kujibu mmojammoja naandika yote kwa mpigo. Mimi nilifanya mwaka 2025 kwenye kituo kimoja cha TV hapa mjini, jina silitaji kwasababu kuna mambo nitayasema hayapendezi na wale watu bado tunasalimiana vizuri tu. Msimamo wangu ni huu: kama unataka kushika kazi kwa mikono yako, kituo kidogo ni kizuri kuliko hivyo vikubwa vya Dar mnavyovililia, ambako mwenzangu mmoja alimaliza fildi nzima hajagusa kamera, kazi yake ilikuwa kupokea wageni wa kipindi cha asubuhi na kuwapeleka kupaka poda. Ila kama unataka nauli, msosi na mtu wa kukushika mkono kama mwalimu, usije, utalia.

Kuhusu kuomba nafasi niseme kidogo tu. Pelekeni barua mapema, mimi nilipeleka kabla ya Pasaka, na usikubali ule msemo wa mapokezi wa "iache hapo". Niling'ang'ana mpaka nikamwona mama wa utawala akanigongea muhuri kwenye nakala yangu. Rafiki yangu aliiacha hapo, mpaka leo barua hiyo haijulikani ilipo. Na kama ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo hela ya mafunzo kwa vitendo ipo, lakini usipange maisha kana kwamba itaingia siku unayoanza, yangu ilinikuta nimeshakopa kwa shangazi.

Haya, umefika. Siku za mwanzo hakuna atakayekuambia kaa hapa fanya hiki. Viti vyenyewe havitoshi, ukiinuka kwenda chooni ukirudi kuna mtu kakaa. Newsroom yetu ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta za kugombania, ubao wa kuandika asaimenti, na TV ukutani imewekwa chaneli ya washindani wetu muda wote, nikaja kujua baadae ni ya kuangalia wao wametoa nini. Kikao cha asubuhi saa mbili na nusu, mhariri anapitia taarifa ya jana anawachana watu, halafu anagawa kazi. Na hapa ndo wanafildi wengi wanapopotea maana wanakaa nyuma wanasubiri kupangiwa. Gari lilikuwa moja, kamera nzima mbili, maripota kibao, anayepanda gari ni yule mwenye mwaliko au mwenye wazo lake linaloeleweka. Mialiko unaijua, warsha hotelini, uzinduzi, mkuu wa wilaya anaongea, hizo zina wenyewe. Kwahiyo njia pekee kwa mwanafildi ni wazo, na wazo la "nataka kufanya stori ya mazingira" sio wazo, mhariri wetu alikuwa anauliza papo hapo, nani ataongea, tutaona nini kwenye picha, na kwanini leo.

Mimi nilibahatika na msimu. Kampeni za uchaguzi mkuu zilianza tarehe 28 Agosti, wakongwe wote wakasambazwa kufuata misafara, na sisi wa fildi huko hatukuruhusiwa, maana kitambulisho cha chuo getini hakikusaidii kitu, tangu ile Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 mambo ya ithibati yamekuwa siriasi na wanataka kadi ya uandishi. Basi tukabaki ofisini na mhariri, taarifa ya saa mbili usiku inatakiwa ijae, na waliopo ni sisi. Mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa anatumwa vocha leo anaambiwa niletee stori.

Yangu ya kwanza ya kueleweka ilikuwa Busisi. Lile daraja la Kigongo–Busisi linalokatiza ziwa, lile refu la kilomita tatu, lilikuwa limefunguliwa mwezi wa sita na kila chombo kilishafanya stori ya daraja lenyewe, nguzo zake, viongozi, magari yanapita. Mimi nikasema, je wale waliokuwa wanauza samaki na mahindi pale kwenye pantoni, watu walipokuwa wanakaa foleni wanasubiri kuvuka, sasa hivi wanamuuzia nani? Mhariri akaniangalia akasema, nenda, lakini ukirudi na mama analia tu nakurudisha.

Tulienda na braza mmoja wa kamera, mtu wa maneno machache, na kusema kweli huyu ndo aliyenifundisha kuliko mihadhara yote. Nilivyofika nikakimbilia kuhoji, akaniita pembeni, "Mdogo wangu, watu wanaoongea umenipa, picha za kufunikia ziko wapi?" Yaani zile za mazingira zinazowekwa juu ya maneno. Akanionyesha. Kila picha anaishika huku anahesabu kumi moyoni, hakuna kuyumbisha kamera kushoto kulia kama bomba la kumwagilia bustani. Anaanza na ya mbali, sehemu ya zamani ya kushukia magari iko tupu, daraja linaonekana nyuma na malori yanapita juu. Halafu ya kati, mama na karai lake. Halafu karibu kabisa, mikono inageuza samaki kwenye mafuta, noti za elfu moja zimekunjwa kwenye upindo wa kitenge. Kabla ya yote alinishikisha karatasi nyeupe, ilikuwa skripti yangu nimeigeuza upande wa nyuma, akaiambia kamera hii ndo nyeupe, maana ukiruka hiyo hatua watu wanatoka wa bluu. Upepo wa ziwani ni adui mwingine, maiki bila lile koti la manyoya inarekodi upepo tu. Na mwisho akatuambia wote tunyamaze, akarekodi sauti tupu ya pale, mawimbi, mafuta yanachemka, lori huko juu. Nikamuuliza ya nini, akasema utaiona kwenye editi.

Ofisini siku nyingine akanipa somo la shata, ile kasi ya kamera kufungua na kufunga kwa kila picha, mbona nikirekodi ndani kwa simu taa zinacheza mistari? Kumbe umeme wetu ni hezi 50, ukiweka shata 60 (yaani 1/60 ya sekunde) inagombana na taa, ukiweka 50 inatulia. Simu nyingi zinakuja na mipangilio ya Marekani, ambako umeme ni hezi 60. Mwaka wa pili huo niko chuo nilikuwa sijawahi kusikia.

Turudi Busisi. Yule mama wa samaki hakutaka kuhojiwa, akaniuliza, "Mwanangu, mkinipiga picha mtaniletea wateja?" Nikamwambia hapana mama, ila watu watakusikia. Akacheka, "Wakinisikia watapita hapo juu wamefunga vioo." Nikamgeukia braza wa kamera, akanipa ishara ya kidole, amechukua. Hiyo ndo ikawa soti yetu (kipande cha mtu anaongea) ya kwanza kwenye stori na hatukuhitaji kitu kingine cha kuelezea biashara imekuwaje.

Nikampigia mhariri kwa furaha nimemaliza, akaniuliza swali moja tu, umemuuliza mtu aliyekuwa anavuka usiku na mgonjwa? Sijauliza. Tukarudi, tukampata bodaboda mmoja akaeleza walivyokuwa wanalala ng'ambo wanasubiri pantoni wakati ndugu anatakiwa hospitali ya Bugando, na sasa ni dakika chache tu uko upande wa pili. Stori ikabadilika kabisa, ikawa na pande mbili, na yule mama mwenyewe ukimsikiliza vizuri hakuwa analaani daraja, alikuwa anataka wamwonyeshe pa kuhamishia karai.

Sasa huyu mhariri. Jamani. Ni dada wa makamo, anavaa miwani kwenye kamba, anasoma skripti yako kwa sauti mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeandika "wito umetolewa kwa mamlaka husika", akasimama, "Umetolewa na nani, mvua?" Newsroom nzima inacheka. Maneno yote tuliyozoea kuyasikia kwenye taarifa za habari, sambamba na hilo, kwa upande wake, zoezi zima la, katika kile kinachoonekana, anayakata kwa kalamu nyekundu anaandika pembeni "sema". Stori ni dakika moja na nusu, ikizidi sana mbili, na maneno hayatakiwi kueleza kitu ambacho picha inaonyesha tayari. Nilimchukia siku za mwanzo. Baadae nikawa natafuta kisingizio cha kumpelekea hata skripti za wenzangu nione atazikata wapi.

Kuvoisi, yaani kurekodi sauti yako unasoma skripti, ni kwenye chumba kidogo kuta zimebandikwa magodoro, feni inazimwa kwasababu ya kelele, unatoka umelowa jasho. Hakuna soda baridi kabla ya kusoma, maji ya kawaida tu. Halafu unaingia kwenye foleni ya editi, na hiyo foleni kuanzia saa kumi na moja jioni ni vita, kompyuta zenye nguvu ni chache na kila mtu stori yake ndo ya kwanza. Ile sauti tupu ya Busisi nikaiona faida yake pale, edita alifungua stori na mafuta yanachemka sekunde tatu kabla sijasema neno, ukaona watu kwenye newsroom wameinua vichwa.

Usipite bila kukaa na fundi wa mitambo. Wanafildi wote wanakimbilia studio kupiga picha na meza ya mtangazaji (mimi pia ninayo, ipo wasapu), lakini chumba cha mitambo ndo kinakupa akili ya biashara nzima. Nilikuwa nadhani TV ina mnara wake inarusha matangazo, kumbe tangu analojia izimwe, Dar ikianza tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine kufuata, kituo kinatengeneza maudhui kinayapeleka kwa kampuni yenye leseni ya kusambaza, hiyo ndo inakuweka kwenye king'amuzi, na inalipwa. Fundi akanionyesha kuchelewa kwenyewe, TV ya pale kwenye mitambo mtangazaji ameshasema "habari za jioni", ile ya king'amuzi ndo kwanza anafungua mdomo. Umeme ukikatika kuna betri inashika mpaka jenereta iwake, zile sekunde ukiwa mle ndani hakuna anayepumua.

Mabaya sasa. Hela hamna, hata nauli. Chakula ni cha kujitafutia, kuna mama ntilie nyuma ya jengo alinikopesha sana Mungu ambariki. Baada ya kampeni kuanza tulikuwa tunajaza taarifa ya habari karibu nusu, lakini jina la mwanafildi haliandikwi kwenye stori, linaandikwa "mwandishi wetu", na stori yangu ya pili ilisomwa na ripota aliyeajiriwa kama ya kwake. Nilipolalamika nikaambiwa ndo utaratibu. Huo sio utaratibu, ni kazi ya bure.

Usiku ni tatizo kwa wadada hasa. Taarifa inaisha saa tatu kasoro, gari la ofisi linapeleka waajiriwa tu, wewe wa Igoma au Malimbe jitegemee na daladala za mwisho. Tulijipanga na wawakilishi, wale waandishi wa kujitegemea wasioajiriwa, tukawa tunachangia bajaji. Pia kuna mkubwa mmoja alikuwa anatuambia tuje kwake jioni atufundishe kusoma habari, huko kwake nyumbani ndo kuna prompta, ile skrini ya kusomea habari? Nilimwambia yule dada mhariri, sijui walizungumza nini ila maneno yalikoma. Mtafuteni mtu kama huyo dada mhariri mapema kabla ya shida.

Na bahasha, hela wanazopewa waandishi na wenye shughuli. Utaenda warsha utaona karatasi ya kusaini mbili, moja ya mahudhurio na nyingine ya "nauli". Maadili ya Baraza la Habari yanakataza na chuo tumefundishwa, lakini pale kuna wawakilishi wanaolipwa kwa stori na malipo yenyewe yanachelewa miezi, kwahiyo naelewa inatoka wapi hata kama sikubaliani nayo. Mimi nilikataa kusaini, wakacheka, wakagawana ya kwangu.

Supavaiza wa chuo alikuja mwishoni kabisa, akakaa muda wa kunywa chai, akasaini logibuku, daftari la kuandika kazi za kila siku, akaondoka. Kwahiyo ijaze kila siku jioni wewe mwenyewe, kwa maelezo ya kazi uliyofanya sio "nilijifunza mambo mengi", na msimamizi wa kituo asaini kila Ijumaa, maana ukisubiri mwisho utakuta yuko safari.

Nikipewa nyota tano natoa nne, ile moja imeliwa na "mwandishi wetu". Na kabla hamjaaga, ombeni nakala za stori zenu zikiwa bado kwenye kompyuta ya editi, kwasababu sava ikijaa wanafuta vya zamani bila kumuuliza mtu. Flashi za nje hawazikubali kirahisi wanaogopa virusi, nunueni mpya mumpe edita aifomati mwenyewe, tena mpelekeeni asubuhi, sio saa kumi na moja jioni.