Mida Creek: nilikwenda mara mbili kwa siku moja

Nianze na kosa langu, maana litakufaa kuliko sifa zote nitakazozimwaga hapa chini. Nilifika Mida Creek saa nne asubuhi, mwishoni mwa Machi, siku moja baada ya mwezi mpevu. Pale nilipolala nilikuwa nimeambiwa, "Nenda wakati wowote, ndege wapo tu." Na kweli walikuwapo. Walikuwa mbali huko, vidoadoa vyeusi kwenye uwanda wa matope uliokuwa ukimeremeta kwa jua, na darubini yangu haikuwa na msaada zaidi ya kuvifanya vidoadoa viwe vikubwa kidogo.

"Mwanangu, mbona hawa ndege wametukimbia?" nikamwuliza kijana aliyekuwa akiniongoza.

"Hawajatukimbia, mama. Wamefuata maji. Hii ni bamvua, siku za maji makubwa, yanajaa sana na kupwa sana; sasa yamekupwa mpaka kule. Rudi saa nane, yatakuwa yanajaa. Maji yenyewe yatakuletea."

Laiti ningeambiwa neno hilo jana yake. Mimi si mtu wa pwani, na "maji kujaa, maji kupwa" kwangu yalikuwa mambo ya wavuvi. Kumbe kwa anayetaka kuona ndege wa ufukweni, hayo ndiyo ratiba.

Kwa asiyepajua, Mida ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Watamu, kaunti ya Kilifi. Upande mmoja una mikoko, katikati matope na mchanga, na si mbali kuna msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo mbuga yake ilianzishwa 1968, na eneo zima la Malindi na Watamu liko kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe tangu 1979. Unaingia kwa miguu. Kuna daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko, linakupeleka hadi kwenye kibanda cha kuangalizia ndege ukingoni mwa matope. Linayumba. Mimi nililifurahia, ila kama unasafiri na mzazi mwenye magoti mabovu, mshikie mkono na msiwe na haraka.

Kwa kuwa asubuhi ile ndege walikuwa wametunyima, kijana akaniambia tushuke matopeni tuone vilivyo karibu. Hapo nikapata faida ambayo sikuitarajia. Nilidhani mikoko ni mti mmoja. Akanionyesha mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, mbegu zake zimeota zingali mtini, zinaning'inia kama bamia ndefu zikisubiri kuanguka. Halafu mchu, ambao mizizi yake inachomoza juu ya tope kama penseli mia zilizosimamishwa, kwa sababu chini tope halina hewa na mti lazima upumulie juu. Akachuma jani la mchu akanipa nilambe. Chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Kisha mlilana na mkandaa, ambao sasa nimeshasahau kuutofautisha, na sioni haya kusema hivyo.

Harufu ipo. Ukikanyaga tope linatoa pumzi ya yai viza, na pua inazoea baada ya dakika kumi. Lisilozoeleka ni tope lenyewe, ambalo lilivuta ndala yangu ya kushoto na kuimeza. Tulichimba kwa mikono, kijana na mimi, tukacheka, tukakata tamaa. Nilirudi kwenye ngazi za daraja na ndala moja.

Lakini nilipokuwa nimeinama kutafuta ndala ndipo nilipowaona kaa. Wadogo, wengine hawazidi ukucha wa dole gumba, na kila dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, kama mtu aliyebeba gitaa. Ukitulia kimya wanatoka mashimoni na kuanza kulipunga, juu chini, juu chini, kuita majike na kutishana. Ukisogeza kidole tu, uwanja wote unabaki mtupu. Nilikaa pale nusu saa. Tope hilo ndilo meza ya chakula ya ndege wote niliokuwa nimewafuata, na bila kuliona kwa karibu nisingeelewa kilichotokea alasiri.

Saa nane kasorobo nilikuwa kibandani, miguu mitupu. Maji yalikuwa bado mbali ila yameanza kutembea. Hayaji kwa mawimbi. Yanapenya kwenye vijifereji, yanazunguka, unatazama kisiwa cha tope hapa, ukigeuka tena hakipo. Na ndege, kama nilivyoahidiwa, wanarudi nyuma mbele ya maji, hatua kwa hatua, kuelekea kwako.

Wa kwanza kufika walikuwa wadogo wa kijivu, makumi kwa makumi, mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, wakidunga tope kama sindano ya cherehani. Hawa ni chamchanga wanaozaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka pale nilipokuwa nimekaa, na huja pwani yetu kukwepa baridi. Kwa kuwa ilikuwa mwisho wa Machi, baadhi yao walishaanza kugeuka rangi, kifua chekundu kama matofali, vazi la kurudia nyumbani kuzaa. Mmoja alikuwa na pete mguuni. Wataalamu hunasa ndege hapa Mida, huwavisha pete na kuwaachia, ili akionekana kwingine ijulikane ametoka wapi. Nilimtazama ndege yule asiye na uzito wa yai la kuku na kichwa kikaniuma kwa hesabu ya safari yake.

Kisha sululu, na mdomo wake mrefu uliopinda kama mundu. Flamingo wawili walikuwa mbali ng'ambo ile, hawakusogea, na sitawahesabu kama sehemu ya utalii wangu.

Niliyemjia hasa alifika saa tisa. Waongozaji humwita kwa jina la Kiingereza, crab plover. Jina la kitaalamu ni Dromas ardeola. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama wa ndege aliyekosea ukubwa alipokuwa akichagua. Anasimama ametulia, anatazama. Halafu mbio fupi, chap! Kaa yuko mdomoni. Nilimwona mmoja akimtikisa kaa mpaka miguu ikadondoka mmoja mmoja, kisha akameza kiwiliwili. Nyuma yake mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa kama yeye, manyoya bado ya kijivu, akimfuata na kulia kuomba. Mzazi akampa wa pili. Kijana akaninong'oneza kwamba hawa hawazai hapa; wanazalia pwani za huko Uarabuni na Somalia, wanachimba shimo mchangani kama panya, na ndani wanaweka yai moja tu, jeupe, joto la mchanga likiwasaidia kulilalia. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya ufukweni anayejichimbia shimo la kuzalia.

Walikuwa hatua thelathini hivi kutoka kibandani. Nikaiweka darubini chini. Haikuhitajika.

Likaja kundi la wageni, simu ikipiga muziki. Ndege waliruka wote kwa pamoja, weupe na weusi ukipepea kama gazeti lililopasuka, wakatua mita mia mbili mbele. Kijana aliwaomba kwa upole wazime, wakazima, wakaondoka baada ya dakika tano kwa kuwa "hakuna kitu." Ndege walirudi baada ya robo saa.

Ukitaka kwenda, angalia mwezi kwanza. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo hapa maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne au tano. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Fika mapema, muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya maji kujaa kabisa, maana yakishafunika tope ndege huondoka kwenda kulala penginepo. Maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua moja na nyingine, usisumbuke nayo sana, hayawasukumi vya kutosha. Msimu mzuri ni Septemba hadi Aprili. Katikati ya mwaka wengi wako kaskazini. Chukua mwongozaji wa hapo hapo, hata kama una kitabu. Bila yule kijana ningeondoka saa tano asubuhi nikiandika hapa kwamba Mida hakuna ndege.

Saa kumi na nusu tulirudi kwa daraja. Chini yetu palikuwa maji matupu ya kijani, na vijisamaki vilikuwa vikipita katikati ya mizizi, mahali ambapo asubuhi kaa walikuwa wakipunga magando. Kijana akanyoosha kidole chini, akasema, "Ndala yako iko hapo, mama, kesho saa tano uje uichukue."