Shokapu nyepesi kwa krosi kantri: uzoefu wangu na RockShox SID SL kwenye njia za Arusha

Shokapu ya mbele niliyoitoa ilikuwa ya springi ya chuma, ile iliyokuja na baiskeli kutoka kiwandani, na kwenye mizani ilipita kilo mbili na nusu. Niliyofunga badala yake ni RockShox SID SL Ultimate, inayotumia upepo badala ya springi ya chuma, yenye mwendo wa milimita 100, yaani urefu inaoweza kubonyea. Kampuni ilitaja gramu 1,326 kwa mfano huu ulipotoka mwaka 2020. Yangu ilisoma kilo 1.36 kabla ya kukata bomba la shingo, lile linalopanda ndani ya fremu mpaka kwenye usukani. Tofauti ya zaidi ya kilo moja unaihisi hata kabla hujapanda. Unainua usukani kuvuka mfereji, gurudumu la mbele linakuja bila kulazimishwa.

Nasema mapema kile ninachokiamini baada ya kuitumia kiangazi na masika: kilo ile ya kwanza ndiyo yenye thamani. Gramu mia mbili za mwisho, ambazo ndizo waendesha baiskeli hubishania sana, si kitu cha kukukosesha usingizi. Piga hesabu. Mimi nina kilo 74, baiskeli ina 11, jumla 85. Ukipunguza kilo 1.2 umeondoa asilimia 1.4 ya mzigo. Kwenye mlima mkali karibu nguvu yako yote inakwenda kuinua uzito, kwa hiyo mlima wa dakika 30 utapungua kwa sekunde 25 hivi kwa nguvu ileile. Hiyo ni nafasi kadhaa kwenye mashindano. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa gramu 200, sawa na glasi moja ya maji: unapata sekunde nne. Sekunde nne zinapotea kwenye kona moja tu yenye mawe ukishika breki kwa sababu gurudumu linayumba.

Ndiyo maana nilipokuwa nachagua sikuangalia uzito peke yake, niliangalia na unene wa mabomba ya juu, yale yanayoteleza ndani ya miguu ya chini. Kwenye daraja hili soko liko makundi mawili. Kuna shokapu za bomba la milimita 32 zenye mwendo wa milimita 100 hivi: SID SL, na Fox 32 Step-Cast ambayo Fox iliitaja kwa takriban gramu 1,360 na ambayo miguu yake imepunguzwa kama ngazi upande wa chini ili kuokoa uzito. Kisha kuna nene zaidi zenye mwendo wa milimita 120: SID ya kawaida yenye bomba la milimita 35, gramu 1,537 kwa mujibu wa kampuni ilipotoka mwaka 2020, na Fox 34 Step-Cast inayokaribia kilo moja na nusu. Reba, ya RockShox pia, iko chini ya SID kwa bei na juu kwa uzito, na kwa mtu anayefanya mazoezi bila kushindana sioni aibu yoyote kuichagua.

Waendeshaji wakubwa wa dunia wamekuwa wakihamia milimita 120. Ukiangalia njia ya Izu iliyotumika kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, ile mirundo ya mawe na sehemu za kuruka, unaelewa kwa nini. Lakini fremu yangu ni ya alumini, nyuma haina shokapu, na imechorwa kwa ajili ya milimita 100. Ukiiwekea 120, mbele inanyanyuka na pembe ya shingo inalala kwa takriban digrii moja. Kuna wanaoipenda hali hiyo kwenye mteremko. Mimi napanda zaidi kuliko ninavyoshuka, na kwenye mpando mkali mbele ikinyanyuka gurudumu linaanza kutangatanga. Fremu ndiyo iliyonichagulia, na nashauri kila mtu aanzie hapo: tafuta karatasi ya vipimo ya fremu yako, uone ilitengenezwa kwa mwendo gani.

Hapo kwenye fremu kuna jambo jingine linalowagharimu watu. Baiskeli nyingi zilizoko mitaani kwetu zina shingo nyembamba iliyonyooka, inchi moja na moja ya nane juu mpaka chini, na habu ya mbele ya ekseli ya milimita 9 inayofungwa kwa kijiti cha haraka. Shokapu nyepesi za siku hizi bomba lake la shingo limepanuka chini mpaka inchi moja na nusu, na ekseli ni ya milimita 15, upana wa habu 110. Haziingii, na hakuna ufundi wa kuzilazimisha ziingie. Muuzaji mmoja niliyewasiliana naye aliniambia habu yoyote itakaa, "utaweka spesa tu kaka". Si kweli. Ukibadilisha shokapu bila habu inayolingana, jiandae kununua gurudumu zima la mbele.

Yangu niliipata mpya kupitia ndugu yangu anayeishi Ujerumani. Fundi wangu wa mtaa wa Sakina alipoishika mara ya kwanza aliigeuza mkononi akaniuliza, "Kaka, huu wembamba utaweza haya mawe yetu?" Ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba inaweza, kwa mtu wa uzito wangu na kwa kasi yangu.

Njia zangu za kawaida ni msitu wa misonobari wa Olmotonyi juu ya Ngaramtoni, na njia za ng'ombe kuelekea Monduli Juu. Olmotonyi ardhi ni laini, kuna mizizi na kona za ghafla, na hapo SID SL ni raha tupu. Inameza mizizi midogo ambayo ile ya springi ilikuwa inaipitisha moja kwa moja hadi kwenye viganja. Kwenye mpando nafunga kufuli, na hapa nieleze vizuri: mashine ya ndani ya toleo hili ina hali mbili tu, wazi au imefungwa. Hakuna katikati. Kwa krosi kantri sijaona hasara, kwa sababu ukiwa unapanda kwa kusimama unataka iwe ngumu, na ukishuka unataka iwe wazi kabisa.

Monduli ndiko unakouona mpaka wake. Kuna mteremko wenye makorongo na mawe yaliyolegea, na ukiingia kwa kasi huku umeshika breki ya mbele kwa nguvu, unahisi bomba la milimita 32 likijipinda kidogo nyuma na gurudumu likichelewa kufuata usukani. Halivunjiki wala halitishi, ila unajua uko kwenye kifaa cha mashindano cha watu wepesi. Kwenye barabara ya rasta, ile mikunjo ya changarawe inayotikisa meno, kasi ya kurudi, yaani jinsi shokapu inavyonyooka haraka baada ya kubonyea, ndiyo siri. Ikirudi polepole mno, shokapu haiwahi kunyooka kabla ya mkunjo unaofuata. Inazama taratibu mpaka inabaki fupi na ngumu. Zungusha kifundo cha kasi ya kurudi upande wa kuharakisha, mlio mmoja mmoja, mpaka gurudumu libaki chini bila kurukaruka.

Kuhusu upepo, jedwali lililobandikwa kwenye mguu wa shokapu ni pa kuanzia tu. Kipimo cha kuaminika ni kuzama, yaani kiasi shokapu inavyobonyea kwa uzito wako ukiwa umekaa tu. Vaa nguo na viatu unavyoendeshea, weka chupa ya maji, sukuma ile ringi ndogo ya mpira iliyo kwenye bomba la juu mpaka chini, panda taratibu, kisha shuka uone imesogea wapi. Krosi kantri inataka asilimia 15 hadi 20 ya mwendo, yaani milimita 15 hadi 20 kwenye shokapu ya 100. Mimi nimetulia kwenye 18. Pampu ya tairi haifai kazi hii. Unahitaji pampu ndogo ya shokapu yenye geji, na iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukitoka Arusha, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukashuka na baiskeli mpaka Tanga, geji itasoma psi 2 pungufu hivi kwa sababu hewa ya pwani ni nzito zaidi. Ni kidogo, lakini kwa mtu mwepesi anayetumia upepo mdogo inaonekana kwenye kuzama.

Matunzo ndiyo sehemu ambayo hakuna tangazo litakalokuambia ukweli wa mazingira yetu. RockShox wanataka miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa oili mpya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Vumbi la miteremko ya Meru ni la volkano, laini kama poda, linaganda kwenye mabomba na kusugua oilsili. Kiangazi mimi sisubiri saa 50, nafungua zikifika 30 hivi. Kazi yenyewe si ngumu: mililita chache za oili sahihi kila mguu, kulowesha sponji zilizo chini ya oilsili, na kufunga kwa nguvu iliyoandikwa. Ugumu uko kwenye vifaa. Agiza oilsili na sponji pamoja na shokapu, zisafiri mzigo mmoja, maana ukisubiri mpaka zianze kuvuja utakaa bila baiskeli kwa wiki nyingi. Na mwambie fundi wako kwa upole lakini bila kuyumba: mafuta ya taa yasifike kwenye oilsili, na grisi nzito ya beringi isiingie ndani ya miguu. Futa mabomba kwa kitambaa safi kila ukirudi nyumbani. Ni dakika moja na inaokoa fedha nyingi.

Rafiki yangu ninayeendesha naye ana kilo 92 na anashuka kwa kasi ambayo mimi siifikirii. Kwake nilisema wazi aichukue ya milimita 35, na gramu mia mbili zile azisahau.

Wengi tutanunua iliyotumika, na si vibaya. Pitisha ukucha kwenye mabomba ya juu kuzunguka pande zote: ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, oilsili mpya haitadumu. Angalia kama rangi ya bomba imefifia upande wa nyuma, maana hapo ndipo panaposuguliwa zaidi. Shika breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma, usikilize kama panalia pale mabomba yanapoingia kwenye taji, kile kipande cha juu kinachoyaunganisha. Halafu muulize muuzaji urefu wa bomba la shingo. Mwenyewe wa kwanza huwa amelikata kwa fremu yake, na likiwa fupi haliongezeki. Pima shingo ya fremu yako, ongeza kimo cha beringi za juu na chini, spesa na stemu, uwe na namba hiyo mkononi kabla ya kutuma pesa.